Kasha Lenye Hewa ya Havana

Kasha jipya la siga likifika karakanani, mteja hulisifia harufu, mwenzangu wa vanishi hulisifia mng'ao, na mimi hutia kiganja ndani nikagusa ubao wa chini. Ubao uliokauka haukupi ubaridi wowote mkononi. Nikiukuta hivyo, namwambia mwenye kasha asiweke kitu ndani kwanza, hata kama amelilipia fedha nyingi na siga zake zimeshafika. Wengi hawapendi kuambiwa hivyo. Lakini katazo hilo lina historia ndefu, na historia yenyewe inaanzia mbali na London, mji ninaofanyia kazi.

Siga ninayoisema ni ile biri nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichujio. Kasha lake, ambalo wanaolitumia huliita humidori, ni sanduku linalofunga sawasawa, lenye bitana ya mbao nyekundunyekundu inayonukia, na ndani yake mna chombo cha kutoa unyevu pamoja na kipimaunyevu. Mimi sivuti, na madhara ya tumbaku kwa mapafu si jambo la kubishania. Mapenzi yangu yako kwenye sanduku. Nimelelewa na mjomba aliyekuwa seremala Tanga, fundi wa masanduku ya nguo na vitanda vya besera, na kwake nilijifunza kwamba mbao hazitulii hata zikishakatwa na kupigwa randa: huvimba masika, husinyaa kaskazi. Milango ya nyumbani kwetu iliyogoma kufungwa mwezi wa Aprili ilifungwa bila shida Januari. Kazi yangu ya leo, ya kukarabati makasha ya kale, imesimama juu ya somo hilo.

Havana penyewe hapakuwa na haja kubwa ya humidori. Mji uko baharini, katika ukanda wa joto, na hewa yake ina maji mwaka mzima. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi: ni hewa ile ile inayolowesha chumvi kibakulini na kuotesha ukungu viatu vya ngozi vilivyosahauliwa kabatini. Katika hewa hiyo jani la tumbaku hulainika, likakubali kukunjwa na kusokotwa bila kupasuka. Mkulima wa Vuelta Abajo, kule Pinar del Río magharibi mwa Kuba, huyaanika majani yake ndani ya banda na siyo juani. Kisha hurundikwa yapate joto na kuchacha, hurushiwa maji, hupangwa tena, halafu hufungwa katika marobota ya magamba ya mti wa jamii ya mitende na kuachwa yakomae, mara nyingine kwa miaka. Kila hatua ni mazungumzo na unyevu. Siga iliyokamilika ni jani lililozoea hewa fulani. Ukilipeleka kwenye hewa nyingine, litaanza kubadilika siku hiyo hiyo.

Hewa nyingine hiyo ndiyo ya Ulaya. Watu huniuliza iweje London, mji wa mvua na ukungu, ukaushe kitu. Jibu limo katika majira ya baridi. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi, hata ikionekana imelowa. Ukiiingiza ndani ya nyumba na kuipasha moto bila kuiongezea maji, inakuwa kavu kupindukia. Unyevu wa sebule yenye moto wa kutosha mwezi wa Januari hushuka mpaka asilimia 30 na kitu, wakati siga inataka karibu 70. Jani la nje hupasuka, mafuta yake yenye harufu huondoka, na yakishaondoka hayarudi. Kwa hiyo historia ya humidori naisoma kama historia ya watu wa miji ya baridi waliotaka kuimiliki hewa ya Havana, kipande kidogo tu, ndani ya boksi lenye bawaba na ufunguo.

Mwanzo wa historia hiyo ulikuwa wa jeuri. Mwaka 1492, wajumbe wawili wa Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, walipoingia bara ya Kuba waliwaona Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, wakivuta majani yaliyosokotwa. Karne mbili na kitu baadaye, mwaka 1717, ufalme wa Hispania uliuhodhi ununuzi wote wa tumbaku ya Kuba. Jani lilisafirishwa hadi Seville, huko ndiko kiwanda cha mfalme kilikoligeuza bidhaa. Wakulima waliasi mara tatu, na baada ya uasi wa 1723 kumi na wawili kati yao waliuawa. Uhodhi huo uliondolewa kwa amri ya mfalme Fernando VII tarehe 23 Juni 1817, na hapo ndipo Havana ilipopata nafasi ya kusokota na kuuza nje kwa jina lake. Nani walisokota? Watu huru, ndiyo, lakini pia watumwa wa asili ya Afrika, na baadaye vibarua wa Kichina waliofungwa na mikataba. Utumwa haukufutwa Kuba mpaka 1886. Ninapolifungua kasha la karne ya 19 lenye pembe za shaba na jina la mwenyewe lililonakshiwa, siwezi kulitazama bila kuwakumbuka watu hao, na sidhani mtu yeyote anayeyapenda makasha haya ana haki ya kuwasahau.

Wengi wa wanunuzi wa mwanzo wa Uingereza walikuwa askari. Waliokwenda kupigana na majeshi ya Napoleon huko Hispania na Ureno, kati ya 1808 na 1814, walirudi na mazoea ya siga, na wenye maduka wakayafuata mazoea hayo. Siga zilifika zimefungwa matita au zimejazwa kwenye masanduku makubwa. Mwaka 1844 Hermann Upmann, Mjerumani mwenye benki mjini Havana, aliingia katika biashara ya siga. Inasimuliwa kwamba aliwatumia wateja wake wa Ulaya siga ndani ya visanduku vya mbao vyenye jina la benki yake. Iwe yeye ndiye wa kwanza au la, mtindo ulishika. Katikati ya karne hiyo sanduku dogo la mbao, lenye picha za rangi zilizopigwa chapa, likawa nguo rasmi ya siga ya Havana.

Mbao zenyewe ndizo ninazotaka kukaa nazo kidogo. Waingereza huziita za mwerezi wa Kihispania, lakini mti huo si mwerezi wala si wa Hispania. Ni Cedrela odorata, mti wa misitu ya Amerika ya joto, ndugu wa mkangazi wetu. Ni mwepesi, hukubali msumeno bila ugomvi, hupigwa msumari mdogo bila kupasuka, na una mafuta ambayo wadudu wengi hawayapendi. Jambo hili la mwisho lina uzito, kwa sababu adui mkubwa wa siga ni mbawakawa mdogo wa kahawia, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake husafiri ndani ya jani lenyewe. Joto likipanda kupita nyuzi 22 au 24 hivi, mayai huanguliwa na mabuu hutoboa siga kutoka ndani, matundu madogo ya mviringo yaliyo safi kabisa. Cedrela haimwui mdudu huyo, na anayekuambia inamwua anakuuzia kitu. Kinachomzuia ni ubaridi. Kazi kubwa ya mbao hizi ni kunywa maji na kuyatoa polepole, zikizuia unyevu usipande wala kushuka kwa ghafla.

Wasokotaji wa Havana walilijua hilo mapema. Siga ikitoka mezani kwa msokotaji huwa mbichi, imelowa kuliko inavyofaa, kwa hiyo hupumzishwa katika chumba cha makabati ya Cedrela, kiitwacho escaparate, kwa wiki au miezi, penye nyuzi 16 hadi 18 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Hapo hupoteza maji ya ziada na kutulia. Ninavyoona mimi, chumba hicho ndicho mzazi wa kila humidori duniani. Kuna wanaompa heshima hiyo Zino Davidoff wa Geneva, na nitamfikia, maana anastahili nafasi yake. Lakini makabati ya siga yenye vyombo vya unyevu yalikuwa yakiuzwa Marekani tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na escaparate ni ya zamani zaidi.

London nayo ilikuwa na maduka yaliyowahifadhia wateja siga zao. Katika mtaa wa St James's palikuwa na Robert Lewis, duka lenye asili ya mwaka 1787, ambako Winston Churchill alianza kununua mwaka 1900. Alfred Dunhill alifungua lake mtaa wa Duke mwaka 1907. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 1941 mabomu ya Wajerumani yalilibomoa duka hilo la Dunhill, na inasimuliwa kwamba kabla hakujakucha Churchill alipigiwa simu kuambiwa kwamba siga zake zimesalimika. Watu huisimulia hadithi hii kwa ajili ya Churchill. Mimi hunivutia kwa ajili ya ghala: kwamba katika mji unaowaka, kulikuwa na mtu ambaye wajibu wake ulikuwa kujua chumba kipi kina unyevu gani.

Sasa Geneva. Mji huu unarudi mara tatu katika habari hii, na nimekuwa nikishangaa kwa nini hakuna anayezifunga pamoja mara hizo. Mara ya kwanza ni ya Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi mpanda milima, aliyechapisha mwaka 1783 kitabu chake juu ya kupima unyevu wa hewa. Chombo chake kilitumia unywele wa binadamu. Unywele uliosafishwa mafuta hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika ikikauka, tofauti ya takriban asilimia 2 na nusu kutoka ukavu mtupu hadi unyevu uliojaa. Saussure aliuvuta unywele kwa kauzito kadogo, akauzungusha kwenye gurudumu lenye mshale, na hewa ikaanza kusomeka. Vipimaunyevu vya mshale vilivyoko kwenye makasha ya kale ninayoletewa ni wajukuu wa chombo hicho, na baadhi vina nywele mpaka leo. Bila Saussure, mwenye kasha angebaki akibonyeza siga kwa vidole na kubahatisha.

Mara ya pili ni Davidoff. Alizaliwa Ukraini ya leo mwaka 1906, na mwaka 1911 familia yake ilihama na baadaye ikafungua duka dogo la tumbaku Geneva. Akiwa kijana, katika miaka ya 1920, alitumwa Amerika ya Kusini kujifunza, akafika Argentina, Brazili na hatimaye Kuba, akafanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku. Aliporudi alikitengeneza chumba cha chini ya duka kiwe na joto na unyevu wa Havana. Ubora wake ulikuwa huo: alikuwa ameishi ndani ya hewa ile, hakuisikia kwa watu. Alijua ngozi inavyohisi ndani ya escaparate, na aliweza kukijenga chumba Uswisi mpaka mwili wake ukaridhika. Wateja waliponunua siga zilizotunzwa vile, wakazipeleka nyumbani, na zikakauka ndani ya wiki chache, haja ya kasha la mezani ikajieleza yenyewe.

Hapo ndipo kazi ya kuandaa kasha jipya inapoingia, na hesabu yake inashangaza watu. Chukua kasha la lita 20. Hewa yote iliyomo, kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, inabeba takriban robo gramu ya maji. Ni kidogo mno. Sasa pima bitana. Ikiwa ni kilo 2 za Cedrela zilizokauka katika nyumba yenye moto, zinahitaji zaidi ya gramu 100 za maji ndipo ziwe sawa na hewa ya asilimia 70. Siga moja ya wastani ina maji ya gramu moja na nusu hivi. Siga 25 hazifikishi hata gramu 40. Ukizilaza kwenye kasha kavu, mbao zitakunywa kutoka kwenye siga, na siga hazina cha kutosha kuzishibisha. Kasha lililonunuliwa kuzilinda ndilo litakalozikausha.

Njia inayosambaa zaidi ni kuchukua kitambaa kilicholoweshwa na kuifuta bitana yote. Ni ya haraka na inafanya kazi kwa namna fulani, lakini naipinga. Maji ya juu juu huinua nyuzi za ubao, yanaweza kuupinda ubao mwembamba kabla upande wake wa nyuma haujapata habari, na yakifika kwenye viungo hulegeza gundi ya kale. Nimeyatibu makasha mengi yaliyoharibiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa. Ninavyofanya ni kuweka bakuli dogo la maji yaliyokenekwa ndani, yale ambayo madereva wa kwetu huyaita maji ya betri, yasiyo na tindikali, kulifunga kasha, na kuiachia hewa ipeleke maji mpaka ndani ya ubao kwa wiki mbili, pengine zaidi. Maji ya bomba ya London hayafai kwa chombo cha unyevu, kwani yana chokaa nyingi inayoziba vitundu vya sifongo. Wakati huo wote kasha hufunguliwa kwa nadra. Mfuniko uliokuwa ukicheza huanza kukaa mahali pake, na ukiuachia kutoka juu kidogo hushuka taratibu, kwa sababu hewa haina pa kupenya. Fundi aliyelitengeneza alipima akitegemea ubao uliovimba, kwa hiyo kasha halijakamilika mpaka linywe.

Kipimaunyevu nacho lazima kipimwe, na njia yake iko jikoni. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji mpaka iwe tope bila kuyeyuka yote, kisha vifungie pamoja na kipimaunyevu kwenye mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho yake. Tope la chumvi huishika hewa iliyo juu yake kwenye asilimia 75, nyumba iwe ya joto au ya baridi kidogo. Mshale ukisoma 69, unajua chombo kinakudanganya kwa sita, nawe unakirekebisha. Vipakiti vya unyevu vinavyouzwa siku hizi vinatumia kanuni ile ile. Napenda sana kuwaonyesha vijana wa karakana jaribio hili, kwa kuwa ile ile tabia ya chumvi inayowaudhi akina mama wa pwani ndiyo inayoaminiwa na maabara.

Siasa nazo zikaingia kwenye kasha: tarehe 3 Februari 1962 Rais Kennedy alitia saini marufuku ya biashara kati ya Marekani na Kuba. Pierre Salinger, msemaji wake, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba jioni moja kabla ya hapo alitumwa kutafuta siga za Kuba, na alirudi na 1,200. Viwanda vya Havana vilikuwa vimetaifishwa tangu Septemba 1960, na baadaye mabwana wa zamani wakahamishia ujuzi wao Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. Humidori aliyopewa Kennedy na mchekeshaji Milton Berle siku ya kuapishwa kwake, Januari 1961, iliuzwa kwa mnada mjini New York mwaka 1996 kwa dola 574,500. Fedha hizo zililipia jina. Lakini marufuku iliongeza thamani ya kila kasha la kawaida pia: siga ambayo huenda usiipate tena huitunza kwa miaka, na kutunza kwa miaka kunadai kasha lililoandaliwa sawasawa.

Mara ya tatu ya Geneva ni Agosti 2019. Nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikutana huko na kuiingiza jamii yote ya Cedrela ya Amerika ya joto katika Kiambatisho cha II. Kuanzia tarehe 28 Agosti 2020, magogo, mbao na tabaka nyembamba za mti huo zikivuka mpaka lazima ziwe na vibali. Karne mbili za masanduku ya siga, samani na ujenzi zimeipunguza miti mikubwa kwao. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, ingawa unanipa kazi ya makaratasi.

Ila mti huo uko kwetu pia, na si haba. Wajerumani walipoanzisha bustani na kituo cha utafiti Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, eneo lile likawa uwanja wa kujaribia miti ya kila bara, na Cedrela ni mmoja wa iliyojiotesha huko. Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, umevamia msitu wa hifadhi wa Kimboza. Mbegu zake zina mbawa, upepo huzibeba, na miche huwahi kila pengo la mwanga kabla ya miti ya asili. Kimboza ni msitu mdogo juu ya miamba ya chokaa, wenye mikadi ambayo mjusi mdogo wa samawati, Lygodactylus williamsi, huishi juu yake, na mjusi huyo hana kwingine kwa kukimbilia isipokuwa vipande vichache vya jirani. Mti unaolindwa kwao kwa sababu umekwisha, huku unang'olewa kwa sababu umezidi. Na kwa Cedrela, Kiambatisho cha II kinataja miti ya Amerika ya joto tu. Wa kwetu haumo.

Kwa hiyo nimeanza kuutumia. Binamu yangu wa Muheza alinitumia vipande vya msedrela uliokatwa shambani kwa mtu, vyenye risiti na kibali cha maliasili. Rangi yake imepauka kidogo kuliko ya Kuba na harufu ni nyepesi, kama ilivyo kwa mti uliokua haraka, lakini randa inateleza juu yake vizuri, na nilipovifungia na bakuli la maji vilikunywa na kutulia bila kupinda. Havikuwa vimekaushwa vya kutosha, kingo zilikuwa na nyufa za jua. Nimemwomba mzigo ujao azipange mbao kivulini, vijiti katikati, aziache kaskazi yote ipite ndipo azipakie, na zichukuliwe za moyo wa mti, zile nyekundu. Amekubali, akaniuliza bei ya futi. Bado tunabishana.